Nyota Aliyekufa Gazetini

Somo la historia kwa redio, kwa madarasa ya watu wazima

Ndaga fijo kwa kuacha moto wa jikoni na kuja darasani katika baridi hii yetu ya Isongole. Mwalimu wa darasa, tafadhali iweke redio mahali ambapo hata aliyekaa nyuma ataisikia, kisha andika ubaoni maneno haya manne kwa herufi kubwa: KICHWA, HABARI, UVUMI, BILA. Tutayahitaji yote kabla ya somo kwisha.

Nitaanza na jambo lililotokea hapa hapa kwetu, nami nina sehemu yangu ya kosa ndani yake.

Yupo mama mmoja wa darasa letu anayeuza viazi kando ya barabara kuu iendayo Kyela. Alikuja kwetu hajui herufi hata moja, na kwa muda wa miezi saba akajua kusoma. Asubuhi moja alinunua maandazi, akafungiwa katika karatasi ya gazeti. Kabla ya kula akaisoma ile karatasi. Juu yake palikuwa na maneno makubwa meusi yaliyosema kwamba mcheza senema fulani, ambaye hata watoto wanamjua, AMEFARIKI GHAFLA. Mimi nilikuwa napita kwa baiskeli. Akaniita, akanisomea maneno yale pasipo kukwama hata mara moja. Nilifurahi mno. Nikamwambia mbele ya watu, "Hongera, mama, leo wewe ni msomaji." Nikaenda zangu.

Basi mama yule akaingia sokoni akawaambia wenzake. Wasichana wawili wakalia. Watu wakaanza kuulizana mazishi ni lini. Jioni akaja kijana mmoja mwenye simu, akawaonyesha picha za mcheza senema yule akiwa mzima, anacheka, siku ile ile. Mnajua watu wa sokoni walivyo. Walimpa mama yule jina la utani, na wiki tatu hakuonekana darasani.

Ninawaomba mlifikirie jambo hili. Mama yule hakukosea herufi hata moja. Alisoma yale yale yaliyoandikwa. Sisi walimu tulimfundisha herufi, silabi, maneno na sentensi, lakini hatukumfundisha kuuliza: ni nani aliyeyaandika maneno haya, na kwa nini ameyaandika makubwa hivi? Hilo ndilo somo la leo, na ili tulielewe vizuri itatupasa kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Picha za senema zilipoanza huko Marekani, majina ya wachezaji hayakutangazwa. Watu walitazama nyuso, hawakujua nyuso ni za nani. Kampuni hazikupenda mchezaji ajulikane, kwa sababu mtu akijulikana huomba mshahara mkubwa zaidi. Alikuwapo msichana mmoja aliyependwa sana aitwaye Florence Lawrence, lakini watazamaji walimwita tu "Msichana wa Biograph", yaani kwa jina la kampuni yake. Kisha bwana mmoja mwenye kampuni nyingine, Carl Laemmle, akamchukua aje kwake. Alitaka watu wote wajue kwamba nyota yule sasa ni wake. Afanye nini?

Mwanzoni mwa mwaka 1910 ukatokea uvumi kwamba Florence Lawrence amekufa, amegongwa na gari la reli la barabarani. Na mwezi wa Machi mwaka huo huo kampuni ya Laemmle ikachapisha tangazo lenye hasira: huo ni uongo, adui zetu wameueneza, msichana ni mzima, naye sasa anafanya kazi kwetu. Kisha wakampeleka katika mji wa St. Louis, na watu wakasongamana kumwona yule aliyekufa akafufuka. Waandishi wengi wa historia ya senema wanaona kwamba uvumi ule na ule ukali wa kuukanusha vilitoka katika nyumba moja, kwa Laemmle mwenyewe. Biashara ilikwenda vizuri kabisa.

Na alipokufa kweli, mwaka 1938, watu walikuwa wamekwisha kumsahau. Kaburi lake lilikaa bila jina juu yake mpaka mwaka 1991.

Sasa tuje huku kwetu. Mwaka 1929 kampuni kubwa ya MGM ya Marekani ilituma msafara wa wapiga picha Afrika ya Mashariki kutengeneza picha iitwayo Trader Horn. Picha hiyo ilitokana na kitabu kilichotoka mwaka 1927, kitabu cha mzee mmoja mfanya biashara aliyesimulia maisha yake katika Afrika ya Magharibi. Angalieni hapo: mambo ni ya Afrika ya Magharibi, picha inapigwa Afrika ya Mashariki. Kwa watazamaji wa Marekani Afrika ilikuwa Afrika tu. Msafara ulipita Kenya, ukafika Uganda mpaka kwenye maporomoko ya Murchison katika mto Nile, na ukazunguka katika nchi nyingine za jirani. Mwongozaji alikuwa W. S. Van Dyke. Wachezaji wakubwa walikuwa Harry Carey, Duncan Renaldo, na msichana mmoja aliyekuwa bado hajulikani sana, Edwina Booth. Pamoja nao alikuwapo Mwafrika wa huku kwetu, Mutia Omoolu, ambaye kazi yake katika picha ile ilikuwa kubwa kiasi kwamba baadaye alipelekwa mpaka Marekani kumalizia sehemu zilizobaki.

Edwina Booth alicheza kama msichana wa Kizungu aliyelelewa na Waafrika porini na kuogopwa kama mungu. Ni hadithi ya kipuuzi, nami sitapoteza muda wenu nayo. Lakini kazi yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Msichana yule alicheza katika jua kali akiwa na nguo chache, katika nyasi, matope na mbu. Akapata homa, akaugua sana. Aliporudi Marekani afya yake ilikuwa imevunjika.

Kampuni ilikuwa imetumia zaidi ya dola milioni moja kwa picha ile, na ilihitaji watu waje kuitazama. Katika kampuni za senema palikuwa na ofisi nzima ya matangazo, ambayo kazi yake ilikuwa kuwapa magazeti habari za nyota: nani kapenda, nani kagombana, nani kaponea chupuchupu. Palikuwa na majarida yaliyoishi kwa habari hizo, kama vile Photoplay, lililoanza mwaka 1911. Mwandishi aliyeandika yale ambayo kampuni haikuyapenda alifungiwa mlango. Aliyeandika yaliyopendwa alikaribishwa chai. Kwa hiyo Trader Horn ilitangazwa kuwa picha ya hatari tupu ya Afrika, simba na mamba na mauti kila upande. Hawakutangaza kwamba baadhi ya yale mapigano ya wanyama yalipigwa picha Mexico, karibu tu na mpaka wa Marekani. Picha ilitoka mwaka 1931, nayo ikafanikiwa sana.

Na yule mgonjwa? Ugonjwa wake nao ukawa bidhaa. Magazeti yakaandika kwamba nyota aliyekwenda Afrika anakufa kwa maradhi ya porini yasiyojulikana. Yeye alifungua shauri akiidai kampuni zaidi ya dola milioni moja, na shauri lile likamalizwa kwa mapatano nje ya mahakama. Akacheza picha chache tu, kisha akaacha senema, akakaa miaka mingi akijiuguza mbali na macho ya watu. Kwa kuwa hakuonekana, watu wakasema amekufa. Uvumi ukachapwa, na uliochapwa ukanakiliwa na wengine, na kwa miaka mingi sana waliopenda habari za senema waliamini kwamba Edwina Booth aliuawa na Afrika.

Edwina Booth alikufa mwezi wa Mei mwaka 1991, huko California, akiwa bibi wa miaka 86. Ilikuwa imepita miaka 60 tangu picha yake itoke.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini uongo ule uliishi muda mrefu hivyo. Wagonjwa wengine wa senema walisahauliwa upesi. Mimi naona ni kwa sababu msomaji wa Marekani alikuwa tayari ameamini, kabla hajafungua gazeti, kwamba Afrika ni nchi ya kuua watu. Kichwa cha habari kilimwambia jambo alilolijua tayari, kwa hiyo hakuona haja ya kusoma chini. Kama wangeandika kwamba msichana yule ameugua kwa sababu mwajiri wake hakumtunza vema, ingembidi msomaji afikiri. Na kufikiri asubuhi kabla ya chai ni kazi ngumu, hata mimi najua.

Tangu hapo wapiga picha wa senema hawakuacha kuja. Miaka ya 1960 na 1961 walikuja Tanganyika, karibu na Arusha, na mcheza senema mashuhuri John Wayne, wakatengeneza picha ya wakamata wanyama iliyotoka mwaka 1962. Waliipa jina la Kiswahili: Hatari! Pamoja na ile alama ya mshangao mwishoni. Neno letu la kuonyana watoto wasiende mtoni likawa kichwa cha kuuzia tiketi.

Basi msidhani kwamba haya ni ya Wazungu peke yao. Baada ya mwaka 1992, nchi yetu ilipoingia katika vyama vingi, magazeti ya watu binafsi yaliongezeka upesi. Baadhi yake yakafuata siasa, na baadhi yakafuata maisha ya wanamuziki, wacheza mpira na wacheza senema. Haya ya pili tunayaita magazeti ya udaku. Neno lenyewe ni la siku nyingi: mdaku ni mtu apendaye kupeleleza mambo ya wenzake na kuyatangaza. Sitaki mwadharau wayasomao. Watu wengi wamezoea kusoma kwa sababu ya magazeti hayo, na mwalimu asiyekubali hivyo hajatembea.

Lakini angalieni namna yanavyouzwa. Yametundikwa kwenye kamba au kupangwa mezani yakiwa yamekunjwa, ukurasa wa mbele juu. Watu kumi wanasimama wanasoma maneno makubwa bure, mmoja ananunua. Asubuhi redio nazo husoma vichwa vya magazeti, na wasikilizaji wanaondoka wakisema, "Nimesikia gazeti limeandika." Hivyo maneno sita au saba ya juu yanafika kwa watu wengi sana, na habari iliyo chini inafika kwa wachache. Mhariri anajua hivyo. Mara nyingi aliyeandika habari ni mmoja, na aliyeandika kichwa ni mwingine, naye kazi yake ni kumfanya yule wa kumi atoe fedha mfukoni.

Tarehe 7 Aprili mwaka 2012, alfajiri, nchi nzima iliamshwa na habari kwamba Steven Kanumba amefariki nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Safari hii habari ilikuwa ya kweli. Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984. Alikuwa na miaka 28 tu, naye ndiye aliyekuwa nyota mkubwa kuliko wote wa senema zetu. Hata hapa milimani, ambako hakuna jumba la senema, watu walizitazama picha zake katika mabanda ya video. Tarehe 10 Aprili maelfu ya watu walijaa Leaders Club kumuaga, wengine wakazimia, kisha akazikwa katika makaburi ya Kinondoni.

Usiku ule alikuwa pamoja na mcheza senema mwenzake, msichana Elizabeth Michael, anayejulikana kwa jina la Lulu. Ulitokea ugomvi kati yao. Msichana akakamatwa, akapelekwa mahakamani, akashtakiwa kwa kosa la kuua kwa kukusudia.

Hapo ndipo uvumi ulipopata mahali pa kulala. Mahakama haikuwa imesikia shahidi hata mmoja, lakini barabarani hukumu ilikwisha kutolewa ndani ya wiki moja. Wengine walimwita msichana yule muuaji. Wengine walisema ni uchawi. Wengine, kwa kuwa Kanumba alikuwa amecheza picha iitwayo Devil Kingdom, yenye mambo ya mashetani, walisema alikuwa Freemason na wenzake ndio waliomchukua. Kila asubuhi lilihitajika neno jipya la ukurasa wa mbele, na neno la jana halikuweza kuuzwa tena leo. Hata umri wa msichana ulikuwa jambo la kubishaniwa: hati ya mashtaka ilisema ana miaka 18, mawakili wake wakasema ana 17, na mwaka ule mmoja si mchezo, kwa sababu sheria haimhukumu mtoto kama inavyomhukumu mtu mzima.

Mwalimu wa darasa, sasa onyesha ubaoni lile neno la nne. BILA. Herufi ni nne tu: B, I, L, A. Baadaye shtaka lilibadilishwa, likawa kuua bila kukusudia, na mwezi wa Januari mwaka 2013 msichana akapewa dhamana. Kwa sheria yetu, anayepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia hukumu yake ni kunyongwa. Anayepatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, jaji humpima na kumpa adhabu kadiri ya mambo yalivyotokea. Tarehe 13 Novemba mwaka 2017 Mahakama Kuu ilimwona Elizabeth Michael ana hatia ya kuua bila kukusudia, ikamfunga miaka miwili. Mwezi wa Mei mwaka 2018 alitolewa gerezani kumalizia adhabu yake nje.

Hesabuni wenyewe. Toka Aprili 2012 mpaka Novemba 2017 ni miaka mitano na miezi saba. Muda huo wote mahakama ilihitaji ili kufika kwenye neno lenye herufi nne. Katika ukurasa wa mbele neno "bila" halina nafasi, kwa kuwa linapunguza ukali, na ukali ndio unaouzwa. Kati ya "muuaji" na "aliyeua bila kukusudia" pana maisha ya mtu. Mimi sisemi kwamba hakuwa na hatia. Mahakama ilisema anayo. Nasema kwamba waliosoma juu tu walijifunza hatia nyingine, na wengi wao wanayo mpaka leo. Waulizeni majirani zenu kesho, mtaona.

Tuna methali isemayo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wauza magazeti wanaipenda sana. Mimi siipendi. Edwina Booth alisemwa amekufa, nalo lilichukua miaka 60 kuja.

Sasa niwape vitu vichache vya kutazama mkishika gazeti. Mkiona alama ya kuuliza mwishoni mwa kichwa, kwa mfano "NYOTA KAFUNGA NDOA YA SIRI?", jueni kwamba mhariri mwenyewe hana hakika, na anakuuliza wewe uliyempa fedha zako. Mkiona neno "adaiwa", tafuteni chini ni nani anayedai. Kama hakutajwa popote, basi anayedai ni yule aliyeandika. Na mkiona maneno yamewekwa katika alama za kunukuu, huenda neno lile halina maana yake ya kila siku. Hilo la tatu ndilo lililompata mama yetu, na sasa namrudia.

Baada ya zile wiki tatu nilikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi, kwa sababu mimi ndiye niliyemsifu mbele ya watu bila kuishika karatasi ile mkononi. Sikutegemea kwamba alikuwa bado nayo. Alikuwa ameikunja ndani ya kitambaa, ina mafuta ya maandazi pande zote. Akasema hataki nimsomee. Anataka asome mwenyewe, mimi nikae kimya. Ikatuchukua jioni mbili, maana herufi za chini zilikuwa ndogo na taa yake ni ya chemli. Kwanza tuliona kwamba lile neno AMEFARIKI lilikuwa na vialama viwili vidogo, kimoja mwanzo na kimoja mwisho, ambavyo hakuna aliyemfundisha. Kisha, katika mstari wa nne, ikaonekana kwamba aliyefariki ni mtu wa hadithi ambaye nyota yule anamwigiza katika picha yake mpya. Na mwishoni kabisa, karibu na pale karatasi ilipochanika, yakawapo majina ya maduka ambayo picha ile ingeuzwa kuanzia Jumamosi.

Mama akaniuliza, "Mwalimu, kumbe hii ni habari au ni tangazo?"

Sikumjibu. Jumatatu iliyofuata alikuja darasani, akakaa mbele, akiwa na karatasi ile ile.

Wanafunzi, kazi ya wiki hii ni hiyo hiyo. Kila mmoja alete darasani karatasi moja ya gazeti, ya kufungia maandazi au sabuni haidhuru, mradi ina kichwa cha habari na angalau mistari kumi chini yake. Someni kichwa, andikeni katika madaftari mnalofikiri limetokea. Kisha someni mistari yote kumi, mwandike tena. Mwalimu wa darasa atalinganisha majibu mawili ya kila mtu kabla ya kipindi chetu cha Jumatano ijayo, saa kumi na moja jioni. Asiyepata gazeti na amwone yule mama wa viazi. Anazo karatasi nyingi siku hizi, lakini hazigawi mpaka azisome kwanza. Kwaherini.